Je, mwili wa baba umezoea dawa ya saratani ya damu?

SWALI: Baba yangu ana miaka 61 na ana saratani ya damu, ile inayoitwa CML. Huu ni mwaka wa tatu anameza imatinibi miligramu 400 kila siku, na hakosi. Alikuwa amepata nafuu kabisa, anahudumia kahawa yake Machame. Kipimo cha BCR-ABL, kinachoonyesha kiasi cha ugonjwa kwenye damu, kilishashuka hadi asilimia 0.08, lakini mwezi uliopita kimepanda hadi asilimia 9. Miezi minne iliyopita alianzishiwa pia dawa za kifua kikuu. Daktari anataka damu ipelekwe kupimwa mabadiliko ya jeni. Majirani wanasema mwili umezoea dawa, tumpe vidonge mara mbili. Kipimo hicho kinatafuta nini hasa? (Binti, Usa River)

JIBU: Pole sana kwa kumuuguza mzee, dada. Kabla ya jeni, kuna jambo umelitaja kwa kupita tu ambalo limenishtua: dawa za kifua kikuu. Ndani yake mna rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe na rangi ya chungwa. Rifampisini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine, na imatinibi ni mojawapo. Watu waliopimwa wakitumia zote mbili, imatinibi kwenye damu yao ilipungua kwa karibu robo tatu. Maana yake mzee anameza 400, lakini seli zinapata kama 100. Kama ndivyo, mwili haujazoea chochote. Dawa haifiki.

Tafadhali msisimamishe dawa za kifua kikuu, wala msiongeze imatinibi wenyewe. Pengine daktari ataiongeza kwa muda, lakini siku rifampisini itakapoisha kiwango kitapanda ghafla, na dozi itabidi irudishwe chini. Hesabu hiyo haifanyiki nyumbani. Siku ya kliniki bebeni paketi za dawa zote, na mhakikishe daktari wa saratani na yule wa kifua kikuu wamezungumza. Mara nyingi kila mmoja hudhani mwenzake anajua.

Sasa jeni. Kwenye CML, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande ndani ya uboho wa mfupa. Jeni mbili zilizokuwa mbalimbali zinaungana, na kuzaa protini isiyokuwepo awali, BCR-ABL. Mzee wa Machame ataelewa nikisema ni kama mlango wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, uliokwama wazi: maji yanaingia shambani usiku na mchana, hakuna wa kuyafunga, na seli nyeupe zinaongezeka bila kuamriwa. Imatinibi ni kigingi kilichochongwa kwa umbo la mlango ule ule. Kinaingia, maji yanakata.

Mlango ukibadilika umbo, kigingi hakikai. Mwaka 2001, mwaka ule ule imatinibi iliporuhusiwa Marekani, watafiti wa kundi la Charles Sawyers walionyesha hilo kwa wagonjwa ambao ugonjwa uliwarudia. Herufi moja ya DNA, C, ilikuwa imegeuka T. Kwa hiyo mahali namba 315 kwenye protini, kijenzi kiitwacho threonini kilitoka na kingine, isolyusini, kikakaa. Isolyusini ni nene zaidi, na haina kile kiungo ambacho imatinibi ilikuwa inakishika. Badiliko hilo huandikwa T315I. Seli ya namna hiyo huenda ilikuwepo tangu mwanzo, moja kati ya mamilioni. Dawa ikawaua wenzake, yenyewe ikabaki na shamba zima. Mkimpa vidonge viwili badala ya kimoja, seli hiyo haitatikisika.

Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi ya kifua kikuu, ikiwekewa katriji yake inaweza kuhesabu BCR-ABL. Ila inatoa kiasi tu. Haisomi herufi moja moja za jeni, ndiyo maana damu inapelekwa kwingine. Muulizeni mtu wa maabara sampuli itaondoka saa ngapi. Kinachosomwa ni RNA, yaani nakala ya jeni ambayo seli huitumia kutengeneza protini, nayo huharibika haraka. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kikichukuliwa Ijumaa jioni na kukaa hadi Jumatatu kinaweza kutoa jibu lisilo na maana, na mzee atatobolewa tena bure.

Umesema hakosi vidonge, nami nakuamini, lakini hesabuni vilivyobaki kwenye paketi. Utafiti uliochapishwa 2010 kutoka London ulionyesha kwamba kati ya waliomeza chini ya asilimia 90 ya dozi zao, ni wachache tu walioshusha BCR-ABL hadi kiwango kizuri. Kukosa siku tatu kwa mwezi kunakufikisha hapo hapo.

Jibu likitoka, msitosheke na kuambiwa "jeni imebadilika". Ombeni liandikwe kwa herufi na namba zake. Kuna dawa nyingine za jamii ya imatinibi: ikiwa Y253H, dasatinibi inafaa kuliko nilotinibi. Ikiwa F317L, ni kinyume chake. Ikiwa T315I, zote mbili hazifui dafu, na mazungumzo na daktari yatahusu ponatinibi au asiminibi. Na wakisema hakuna badiliko lolote, rudini kwenye lile suala la rifampisini.