Maswali na Majibu: Chonge za Tumbili

Daktari, tumbili wangu dume ana miaka mitano na sasa anauma kila mtu isipokuwa mimi. Nikimng'oa chonge zote nne si tutakuwa salama? (Tanga)

Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi, na kila mara anayeuliza amekwisha kutafuta wa kung'oa.

Tumbili ana meno 32 kama wewe. Toa manne, yanabaki 28 na taya zenye nguvu zilezile. Dume wa umri huo porini huliacha kundi alilozaliwa, akaenda kupigania nafasi kwingine. Kwako hana pa kwenda, kwa hiyo anapigana na mkeo na wanao. Tatizo haliko mdomoni.

Tena mzizi wa chonge ni mrefu kuliko sehemu unayoiona. Ukiung'oa wa chini, taya hudhoofika na huweza kuvunjika. Nchini Marekani, tangu 2006 Wizara ya Kilimo haikubali kung'oa chonge za wanyama hawa kwa ajili ya kuwashika tu. Chama cha madaktari wa mifugo cha huko, AVMA, nacho kinapinga kung'oa au kupunguza meno mazima, isipokuwa kwa tiba au utafiti ulioidhinishwa.

Je, nikizisaga kwa tupa? (Kilifi)

Usithubutu! Ndani ya jino kuna kiini chenye damu na neva. Tupa ikikifikia, vijidudu hupanda hadi kwenye mzizi, na usaha wa chonge ya juu hutokea chini ya jicho. Kupunguza chonge kitaalamu ni upasuaji: nusu kaputi, kuondoa sehemu ya kiini, kuweka dawa, kuziba, kisha eksirei za kufuatilia. Kule Indonesia wauzaji wa loris, wanyama wadogo wa usiku wa jamii ya komba, huwakata meno kwa vikata kucha, na wengi hufa kwa maambukizi. Anayekuja kwako na koleo anafanya ukatili uleule.

Asiye na chonge haambukizi magonjwa, sivyo? (Morogoro)

Sivyo. Mate yanatosha. Mwaka 1997 mtafiti wa miaka 22 nchini Marekani alirukiwa jichoni na majimaji ya makaka (aina ya kima), hakuumwa, akafa kwa kirusi kiitwacho B. Kirusi hicho ni cha makaka wa Asia, tumbili wetu si wenyeji wake, lakini kichaa cha mbwa kinaweza kumpata mnyama yeyote anyonyeshaye. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama litapona.

Wenye bustani za wanyama wanawashikaje? (Nairobi)

Mara nyingi hawawashiki. Humfundisha mnyama kwa zawadi ya chakula atoe mkono mwenyewe kwenye wavu achomwe sindano, au hutumia kizimba chenye ukuta unaosogezwa. Ni kazi ya wiki nyingi, na inafanywa na watu waliosomea.

Wangu anapenda soda. Ina madhara? (Mombasa)

Inamwozesha meno. Acha leo.

Nimechoka naye. Nimwachie msituni? (Pangani)

Usifungue mlango tu. Hana kundi, hawaogopi watu, na kama mlishamng'oa chonge hawezi kujitetea mbele ya madume wenzake. Tena huenda akapeleka kifua kikuu cha binadamu kwa wenzake wa porini. Piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako, waambie ukweli wote, pamoja na meno yaliyotolewa. Kumfuga bila kibali ni kosa, na kuendelea kumficha kunaliongeza.