Hedifoni au Spika kwa Kompyuta?

SWALI: Ninashinda kwenye kompyuta nikihudhuria mikutano ya mtandaoni, na jioni huhariri sauti. Je, ninunue hedifoni au spika?

JIBU: Kwa kuwa mikutano ndiyo kazi yako kubwa, anza na hedifoni, kwa sababu sauti ya spika huweza kurudi kwenye maikrofoni na kuwasumbua wenzako kwa mwangwi. Mimi ningechagua zenye waya: zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, jambo linalokera mno wakati wa kuhariri, na nyingi hupunguza ubora wa sauti pindi maikrofoni yake inapowashwa. Itazame vizuri plagi ya milimita 3.5, ikiwa na mistari mitatu ya kuizunguka, kwa kawaida hubeba sauti na maikrofoni pamoja, lakini ikiwa na miwili hubeba sauti peke yake. Zijaribu kwa dakika kadhaa kabla ya kuzinunua, hasa kama unavaa miwani, maana pedi zinazobana huumiza juu ya masikio. Spika utakazonunua baadaye ziweke usawa wa masikio. Nakusihi pia uchunge kiwango cha sauti, kwani Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.