Kutoka tamthilia hadi taarabu

SWALI: Assalamu alaykum. Nimeigiza tamthilia za runinga kwa miaka mitatu, sasa nataka kuimba taarabu. Naambiwa hata Kylie Minogue wa Australia alianza hivihivi. Je, niende studio moja kwa moja? Nikifika kwenye kibwagizo sauti hunikatika.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Ni kweli, Kylie aliingia tamthilia ya Neighbours mwaka 1986 na wimbo wake wa kwanza ukatoka 1987. Lakini kabla ya hapo alipanda jukwaani na waigizaji wenzake katika onyesho la hisani, na kuimba kule ndiko kulikompatia mkataba. Nawe tangulia jukwaani; studio isubiri.

Sauti yako hukatika kwa sababu mwigizaji husema maneno machache kisha akapumzika, tena kwa sauti ya chini. Mshororo wa mizani 16 haukupi nafasi hiyo. Vuta pumzi kwenye kituo cha mizani ya nane, kamwe si katikati ya neno. Kila asubuhi lala chali, weka kitabu tumboni, kiinuke unapovuta pumzi, kisha toa "sss" nyembamba kwa sekunde 20. Kikishuka kwa kishindo, pumzi imekuponyoka.

Pengine kosa si lako hata kidogo. Nyimbo nyingi za zamani zilipangwa kufuata koo za waimbaji wake wa kwanza. Imba sehemu ya juu kabisa ya kibwagizo mara tatu mfululizo. Ukiona kidevu kinanyanyuka, mwombe mpiga udi ashushe ngazi ya wimbo kwa sauti moja, au mbili. Jifunze na udi au fidla, si kinanda peke yake: maqamu (mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu) ya bayati ina robo sauti ambazo kinanda kisichorekebishwa hakinazo, na sikio litazoea kosa.

Maikrofoni ya jukwaani ishike vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, ielekee kidogo pembeni ili "p" na "b" zisipasuke. Watu wakija kukutunza usiisogeze. Wanawake wengi hapo hupoteza ubeti mzima.

Jina la mhusika wako usilitumie kabla hujasoma mkataba wa tamthilia. Na mshairi akikupa wimbo, andikianeni nani mwenye maneno na nani mwenye sauti ya wimbo, kisha usajilini Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar kabla haujachezwa redioni.