Jibu: Chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu, je, ni saratani?

Habari ndugu. Umeeleza kwamba chembe nyekundu kwenye slaidi ya mgonjwa wako zimepangana kama rundo la sarafu, na unauliza kama hiyo ni saratani. Angalia kwanza ulitazama sehemu gani ya slaidi, kwa sababu pale damu ilipotandazwa nene chembe hupangana hivyo hata kwa mtu mwenye afya. Mimi huanzia karibu na ukingo mwembamba, ambapo chembe hugusana kidogo tu, na mpangilio ukibaki hata hapo ndipo ninapouamini.

Kisha changanya tone la damu na salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, ulitazame upya: mafungu yanayotokana na protini huachana, ilhali chembe zilizoshikanishwa na kingamwili hubaki katika mabonge yasiyo na mpangilio.

Zikiachana, maana yake kwa kawaida ni kwamba protini za fibrinojeni au globulini zimezidi kwenye plazima (sehemu ya majimaji ya damu), na ndiyo maana ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye mrija, nayo hupanda. Maambukizi, inflamesheni ya muda mrefu na hata ujauzito huleta hali hiyo, kwa hiyo slaidi peke yake haitaji ugonjwa. Hata hivyo, mandharinyuma ya slaidi yakiwa ya buluu, na mgonjwa ana upungufu wa damu, maumivu ya mifupa au kreatinini ya juu (dalili ya figo kudhoofika), tafadhali usisubiri: mwambie daktari mapema, ili aagize elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha protini) ya protini za damu na za mkojo kutafuta mayeloma, saratani ya seli za plazima kwenye uboho.

Tuwekee picha ya sehemu nyembamba pamoja na majibu ya ESR na protini jumla.