Nimetubu mara tatu, je, nimeokoka?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 34, na ninaanika na kuuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Sikulelewa kanisani. Mwezi wa sita nilihudhuria mkutano wa injili uwanjani, nikaongozwa sala ya toba, na usiku ule nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuionja. Ilidumu siku nne tu. Tangu hapo nimeirudia sala ile mara tatu, na kila mara furaha inakuja kidogo na kuondoka. Jirani yangu, ambaye ameokoka siku nyingi, ananiambia kwamba mtu asiyelia machozi wakati wa kutubu bado hajaokoka. Tena kuna jambo linaloninyima usingizi. Kisado ninachopimia dagaa kilichomwa moto kitakoni kikasukumwa ndani, nami ninajua kwamba kila mteja anapunjwa kama viganja viwili. Nimemwambia mume wangu kuwa nataka kukiacha, akajibu kwamba dini hii itatufilisi. Je, nimeokoka au bado? Na kama bado, nianzie wapi? (Msomaji, Kibirizi, Kigoma)

JIBU: Amina, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kabla ya kufika kwenye kisado, ambacho naona ndicho kinachokuchoma zaidi, naomba tuanze na neno lenyewe, injili, kwa kuwa nadhani hapo ndipo ulipokosea njia, na wengi wamekosea hapo hapo.

Injili maana yake ni habari njema, na habari huhusu jambo lililokwisha kutendeka. Mtu anayepita mitaa ya Mwanga, hapo Kigoma mjini, akitangaza kwamba meli imetia nanga bandarini hawaulizi watu wanajisikiaje. Anawaambia lililotokea, na anayemwamini hujitwika mzigo wake akashuka gatini. Mtume Paulo alipowakumbusha Wakorintho injili aliyowahubiri, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza, aliwatajia matukio: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kwamba alizikwa, kwamba alifufuka siku ya tatu, na kwamba aliwatokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, yaani wanafunzi wake 12, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai wakati Paulo anaandika. Soma sehemu hiyo polepole, dada yangu. Hutakuta humo furaha ya siku nne wala machozi ya mtu yeyote. Mambo yote yanayotajwa humo yalifanyika nje yako, kabla hujazaliwa, na kwa sababu hiyo hayawezi kutanguka asubuhi unapoamka ukiwa na moyo mzito.

Kwa kuwa hukulelewa kanisani, huenda bado unajiuliza kifo cha mtu mmoja kule Yerusalemu kinahusianaje na mama anayeanika dagaa Kibirizi. Maandiko yanalieleza jambo hili kwa neno ambalo ninyi wafanyabiashara mnalijua vizuri, nalo ni kukomboa. Mtu aliyeweka kitu chake rehani hawezi kukirudisha kwa kusikitika, hata akisikitika mwaka mzima. Ni lazima deni lilipwe, na asipokuwa na kitu cha kulipa, alipiwe na mwingine. Dhambi ni deni la namna hiyo mbele za Mungu aliye mtakatifu. Hatuwezi kulilipa kwa mema yetu, kwa sababu hayo mema ni wajibu wetu tangu mwanzo na hayabakizi ziada. Yesu mwenyewe alisema, katika Marko 10:45, kwamba alikuja kutoa uhai wake uwe fidia ya watu wengi.

Neno hilo kukomboa lina historia nzito katika nchi yetu hii. Ujiji, ambako unaweza kufika kutoka hapo ulipo bila safari ndefu, palikuwa kituo cha misafara iliyowachukua watu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kuwapeleka Tabora, kisha pwani, wakiwa watumwa. Katika zama hizo hizo, mbali huko katika nchi ambayo leo tunaiita Mali, mtoto aitwaye Adrian Atiman alitekwa na kuuzwa. Wamisionari wa Kikatoliki walimkomboa kwa kulipa bei yake, wakamsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kwenye ufuko wa ziwa letu upande wa kusini. Alibaki hapo akitibu wagonjwa na kufundisha imani akiwa katekista, hadi alipofariki mwaka 1956. Hebu tazama mpangilio wa maisha yake. Atiman hakutibu wagonjwa ili akombolewe. Alikombolewa akiwa mtoto asiye na senti, asiyejua hata lugha ya waliomlipia, ndipo miaka hiyo mingi ya utumishi ikafuata. Waefeso 2:8-10 inafundisha mpangilio huo huo: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, kisha tunatembea katika matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa tangu awali.

Sasa turudi kwenye furaha yako. Sitaki uidharau, maana furaha ya wokovu ni kipawa, na nakuombea irudi. Lakini wewe unayajua maisha ya mwaloni kuliko mimi. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake, dagaa huifuata nuru, na alfajiri mnapokea mzigo. Siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki, wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na vichanja vyenu hubaki vitupu. Je, umewahi kumsikia mvuvi akisema ziwa limekauka? Hisia za mwamini zina siku zake za mbalamwezi, na hazisababishwi na dhambi kila mara. Pengine ni uchovu tu wa mama anayeamka saa tisa usiku, au ni ugonjwa wa mtoto.

Kuhusu machozi, jirani yako nadhani anakutakia mema, ila amechukua njia aliyopitia yeye akaifanya mlango wa watu wote. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 16. Humo mna watu wawili wa mji mmoja, Filipi. Wa kwanza ni Lidia, mfanyabiashara mwanamke kama wewe, aliyeuza rangi ya zambarau. Alikuwa ameketi kando ya mto akisikiliza, Bwana akamfungua moyo wake, akabatizwa pamoja na nyumba yake. Hatusomi kwamba alilia. Wa pili ni askari wa gereza, ambaye tetemeko la nchi lilimwamsha usiku wa manane, akachomoa upanga ili ajiue, kisha akaanguka mbele ya Paulo na Sila akitetemeka na kuuliza afanye nini apate kuokoka. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: amwamini Bwana Yesu, naye ataokoka, yeye na nyumba yake. Mmoja aliingia kimya, mwingine kwa kishindo, na wote wawili wakawa kanisa moja, maana aliyewapokea alikuwa ni mmoja.

Kwa hiyo unaponiuliza kama umeokoka, nami nakuuliza: unamtegemea nani ili usamehewe? Ukiweza kusema mbele za Mungu kwamba unamtegemea Yesu Kristo aliyekufa na kufufuka, hata kama unalisema kwa sauti inayotetemeka, basi lishike neno lake la Yohana 5:24, kwamba alisikiaye na kumwamini aliyempeleka yuna uzima wa milele. Acha kuirudia sala ile kana kwamba ya kwanza haikufika. Petro naye, Yesu alipotaka kumwosha miguu, aliomba aoshwe mikono na kichwa pia, na Yesu akamwambia kwamba aliyekwisha kuoga anahitaji kunawa miguu tu. Unaporudi kutoka mwaloni, miguu yako imejaa mchanga na magamba, lakini hilo halifuti kuoga kwako. Unainawa ukaingia ndani. Kila jioni ungama dhambi za siku hiyo ukizitaja kwa majina yake, ushukuru, ulale.

Na moja ya dhambi hizo unaijua jina. Nimefurahi sana kwamba kisado kinakunyima usingizi, kwa sababu kabla ya mwezi wa sita hukuandika kwa mtu yeyote kuhusu kisado. Hiyo, kwa maoni yangu, ni dalili ya Roho wa Mungu iliyo na uzito kuliko machozi. Katika Luka 19 Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru tajiri, kabla Zakayo hajarudisha hata shilingi. Ni baada ya kupokelewa hivyo ndipo alipotamka kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Wewe huna mali ya Zakayo, na Mungu anajua. Anza kwa kununua kisado kizima. Wateja wako wa kudumu, waambie ukweli kwa maneno machache, uwaongezee kwa muda kile ulichowapunja. Kwa wasafiri waliokwisha kuondoka na mizigo yao, Hesabu 5:5-8 inatoa mwongozo: mkosaji huungama, hulipa kamili na kuongeza sehemu moja ya tano, na asipopatikana wa kulipwa, malipo hutolewa kwa Bwana. Weka kando kidogo kidogo kwa ajili ya maskini wa mtaani kwako.

Sitakuficha: faida ya wiki za mwanzo itapungua, na pengine mume wako atanung'unika. Usibishane naye kwa Maandiko. 1 Petro 3:1 inasema kwamba waume wasioamini wanaweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo wa wake zao. Mwonyeshe hesabu zako wazi, mpikie kwa upendo uleule, umwombee kila siku.

Kuanza kwenyewe ni kwa kawaida sana. Jumapili ijayo nenda katika kanisa la karibu linalomhubiri Kristo kutoka katika Biblia, umwone mchungaji, katekista au mama mmoja mzee wa kanisa, umwambie kwamba umeamini na hujabatizwa. Makanisa yanatofautiana katika namna ya kubatiza na urefu wa mafundisho yake. Usikatishwe tamaa na hilo, kaa katika mafundisho mpaka mwisho. Nyumbani anza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16. Sura moja kwa siku, wakati dagaa wanakauka na kabla hujawageuza, itakufikisha mwisho kwa muda wa wiki mbili na siku mbili. Usipoelewa mahali, weka alama kwa penseli ukaulize kanisani.

Kile kisado cha zamani usikiuze wala usimpe mwenzako, maana naye atakipimia. Kikate pande mbili kabla hujaenda mwaloni kesho.