Kabla hujawa mkali: kwa mnaoanza kufundisha kikapu cha mabinti

Wadogo zangu, kila msimu wa mashindano ya vyuo naletewa kocha mpya mmoja aliyekesha akitazama video za Pat Summitt, yule kocha maarufu wa mpira wa kikapu wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kwenye simu. Namtambua kabla hajajitambulisha. Amesimama ukingoni mwa uwanja, mikono kifuani, macho kayakaza. Binti akikosa layapu, ule mpira rahisi wa kutupia karibu kabisa na kikapu, anatazamwa mpaka anasahau kurudi kwenye ulinzi. Yale macho ya Pat yalijulikana Marekani nzima, na kuyaiga hakuhitaji bajeti, ndiyo maana kila mtu anaanzia hapo.

Na mimi nilianzia hapo hapo. Mwaka wangu wa pili nilisikia kwamba Pat, alipogundua wachezaji wake wamekwenda kustarehe usiku, aliweka mapipa ya taka kwenye pembe nne za uwanja akawakimbiza mpaka wakatapika humo. Nikaona dawa ndiyo hii. Wangu walikuwa wametoroka kwenda sherehe siku mbili kabla ya mechi. Mapipa sikuwa nayo, nikaazima ndoo nne kantini, nikawakimbiza jua la saa nane. Wiki iliyofuata wachezaji watatu hawakurudi, mmoja wao ndiye aliyekuwa anatupandishia mpira, na mama wa kantini akazikataa ndoo zake mpaka nikamnunulia mpya.

Katika hadithi ile mimi niliona mapipa tu. Sikujiuliza wale mabinti walikuwa wanamjua vipi huyo aliyekuwa anawakimbiza.

Pat alizaliwa mwaka 1952 Clarksville, Tennessee, kwenye familia ya wakulima, akakua akigombania mpira na kaka zake watatu juu kwenye ghala la nyasi kavu. Sekondari ya pale haikuwa na timu ya wasichana, baba yake akaihamisha familia nzima kwenda Henrietta, si mbali, ili binti apate pa kucheza. Mwaka 1974 akakabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville. Alikuwa na miaka 22. Alikuwa achukuliwe kama msaidizi. Kocha aliyekuwepo akaenda likizo, timu ikamwangukia yeye, na baadhi ya wachezaji walikuwa wadogo wake kwa mwaka mmoja. Title IX, sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye masomo yanayopata fedha za serikali kuu, ilikuwa na miaka miwili tu. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Jezi zilinunuliwa kwa fedha za kuuza donati. Kuzifua, alizifua mwenyewe. Gari la timu aliliendesha mwenyewe. Kuna safari walilala kwenye magodoro ya mazoezi ndani ya ukumbi wa wenyeji wao, maana hela ya hoteli hakuna. Na wakati huo huo anasoma shahada ya uzamili, anafundisha darasani, anauguza goti aliloumia akiwa mchezaji, kwa sababu alikuwa bado anaitaka Olimpiki. Aliipata: Montreal 1976, mara ya kwanza kikapu cha wanawake kuchezwa kwenye Olimpiki, akarudi na medali ya fedha.

Mechi yake ya kwanza kama kocha alifungwa, 84 kwa 83.

Hapo kwenye kufua nataka tukae kidogo. Nilikuwa na senta, yule mchezaji wa karibu na kikapu, mrefu, mwenye mikono, hataki kuruka. Mpira ukigonga chuma yeye anabaki chini ananyoosha vidole. Msimu mzima nilimwita mvivu, mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata chuo kikaacha kumlipa dobi wa timu, nikaanza kukusanya jezi mwenyewe baada ya mechi na kuzipeleka nyumbani kwenye beseni langu. Siku moja binti yule ananikabidhi yake, nikaona begani sidiria ya kawaida, kamba imefungwa kwa pini. Pini! Kila akiruka ilikuwa inamchoma au inafunguka. Nilimnunulia ya michezo, na nyingine nikaweka kwenye begi la timu kama tunavyoweka bandeji. Ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, alizochukua mwaka ule sikuwahi kumfundisha. Jezi chafu inakwambia mengi kuliko mahojiano: nani bukta inambana, nani amerudisha jezi imefuliwa tayari kwa sababu anaona aibu, nani huwa anaombaomba soksi. Ukiwa na dobi, vizuri, lakini jezi zipitie mikononi mwako kwanza.

Mtu aliyekufulia jezi, akakuendesha usiku kucha na kulala sakafuni pembeni yako, akikwambia kimbia unakimbia. Mimi nilikuwa na filimbi tu.

Masomo sasa. Wachezaji wa Pat walitakiwa kukaa kwenye safu tatu za mbele darasani, na kukosa kipindi bila ruhusa ilikuwa marufuku. Kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote wa kucheza pale Tennessee alihitimu shahada. Kila mmoja, kwa miaka 38. Mimi naiona hii kubwa kuliko mataji yake. Kwetu huku kocha anajua mchezaji ana sapu, mtihani wa marudio, siku karatasi zinapobandikwa, na akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, ndiyo tunaulizana imekuwaje. Wewe chukua ratiba zao wiki ya kwanza. Jenga urafiki na viongozi wa madarasa. Mazoezi yakigongana na kipindi, mazoezi ndiyo yanasogea, hata kama una fainali. Wazazi wakishaliona hilo mara mbili tatu, watakuachia binti zao mpaka Mwanza bila maneno.

Kuhusu muda sina mengi. Basi likiandikwa saa kumi na mbili, liondoke saa kumi na mbili.

Kuna jambo lake dogo ambalo nimelichukua zima zima. Mchezaji wa Pat akisifiwa mazoezini alijibu "pointi mbili". Akikosolewa alijibu "ribaundi". Basi. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini fikiria mabinti wetu walivyolelewa: mkubwa akikukemea unainamisha kichwa, unanyamaza, na macho humwangalii. Kocha hujui amekusikia, amekasirika, au anawaza kurudi hosteli. Neno "ribaundi" linamtoa kwenye aibu: nimelipokea, tuendelee. Na "pointi mbili" linakufaa wewe mwenyewe, kwa sababu jioni ukihesabu umelisikia mara ngapi utagundua hukumsifia mtu. Mimi wiki ya kwanza nililisikia mara moja, na ilikuwa utani.

Watu wanapenda pia kisa cha mwaka 1990. Pat, mjamzito wa kukaribia siku zake, akapanda ndege kwenda Pennsylvania kumshawishi binti mmoja wa sekondari, Michelle Marciniak, ajiunge Tennessee. Uchungu ukamshika huko huko. Wakati wa kurudi rubani akataka kutua Virginia, Pat akakataa katakata: timu ya Virginia ilikuwa imewatoa kwenye mashindano mwaka ule, mtoto wake asingezaliwa huko. Tyler akazaliwa Knoxville. Tafadhali, hili msiliige. Mimi nalisimulia kwa ajili ya kinachofuata: Marciniak alikwenda chuo kingine, Notre Dame. Baada ya mwaka mmoja ndipo akahamia Tennessee, na mwaka 1996 akatajwa mchezaji bora wa fainali walipochukua ubingwa. Kwa hiyo ukimkosa mchezaji leo usimkate kwenye simu. Msalimie Idi na Krismasi.

Hesabu zake mtazikuta kila mahali: ushindi 1,098, kufungwa 208, ubingwa wa taifa mara 8, na ule msimu wa 1997–98 wa mechi 39 bila kufungwa hata moja. Kinachorukwa ni kwamba ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1987, msimu wake wa 13. Sisi mkuu wa michezo anaanza kuuliza kombe liko wapi kwenye mwaka wa pili. Sijui nikushauri nini juu ya hilo zaidi ya kuandika kila kitu: mahudhurio, ribaundi, waliofaulu. Siku ukiitwa ofisini ingia na daftari.

Agosti 2011, akiwa na miaka 59, Pat alitangaza kwamba amekutwa na ugonjwa wa Alzheimer. Alifundisha msimu mmoja zaidi. Mechi zikiendelea, wasaidizi wake ndio waliokuwa wakizungumza zaidi, hasa Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake na kukaa naye benchi tangu 1985. Aprili 2012 akamwachia timu. Pat alifariki Juni 28, 2016.

Msimu ule wa mwisho uliwezekana kwa sababu ya mazoea ya zamani. Wakati wa mapumziko, Pat na wasaidizi wake walikuwa wanabaki kwanza nje kujadiliana, wachezaji wako ndani peke yao, wanaandika ubaoni kinachowashinda. Kocha akiingia anakuta mazungumzo yameshaanza. Nilipolijaribu hili kwangu, mara ya kwanza niliwasikia kupitia mlango: kimya, kimya, mtu anafungua chupa ya maji. Mechi ya nne nikasikia sauti ya msichana wa akiba, mdogo kuliko wote, anawaambia dada zake kwamba namba saba wa wale wengine hawezi kwenda kushoto. Mimi nilikuwa sijaona. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwambia msaidizi wangu tusiingie kwanza.