Wageni wa presi, punguzeni kusugua

Wadogo zangu mnaojifunza kuchapa picha kwa presi, juzi nimemkuta mmoja wenu akifuta wino kwenye bamba la draipointi, yaani la shaba lililochorwa kwa kukwaruzwa na sindano, kama anayeng'oa ukoko wa sufuria. Nikajizuia, nikaenda kunywa chai. Chai haikushuka, ndiyo maana naandika.

1. Picha hugeuka. Mmeambiwa siku ya kwanza, na bado kila muhula kuna jina linatoka kinyumenyume. Hata ile picha ya mji wa Amsterdam ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ya mwaka 1640 hivi, kwenye karatasi imegeuka kulia kushoto. Yeye alisamehewa. Ninyi tumieni kioo.

2. Pigeni tupa kingo za bamba mpaka zilale. Kingo kali hukata karatasi na blanketi za presi, yale matandiko ya sufu chini ya rola, na bei ya blanketi mnaijua.

3. Asidi ya kulia bamba ijaribiwe kwenye kipande kwanza, na dakika ziandikwe. Vivuli vya akwatinti, yaani vinavyopatikana kwa asidi kula bamba lililonyunyiziwa unga wa utomvu, mnavyovishangaa kwa Mhispania Goya, kwenye zile chapa 80 za *Los Caprichos* za mwaka 1799, havitoki kwa kukisia. Unaziba sehemu zinazotakiwa kubaki nyepesi, unarudisha kwenye asidi, unaziba tena. Mwenye haraka akachonge mbao, ingawa nako Dürer, yule Mjerumani bingwa wa chapa za mbao, angemcheka.

4. Draipointi. Hapa nivumilieni.

Sindano ikikwaruza shaba haiiondoi, inaisukuma pembeni. Ule ukingo ulionyanyuka ndio unaoshika wino na kutoa weusi laini wa mahameli. Kila bamba linapopita kwenye presi, ukingo unalala kidogo. Ukisugua kwa nguvu, unaumaliza mwenyewe kabla ya presi.

Haya yote niliyajua siku nilipotangaza toleo la chapa 30 za bamba moja, kila moja na namba yake. Nikatoa za majaribio bila hesabu, kila rafiki aliyepita akapewa moja. Nilipoanza toleo lenyewe, weusi ulikuwa umeshachoka, na kufika katikati ulikuwa kijivu. Badala ya kusimama, nikaendelea. Kisha nikafanya baya zaidi: nikazichanganya zote ndipo nikaziandika namba, ili iliyopauka isijulikane kwa namba yake. Bei ikawa moja.

Kaka na dada wa familia moja wakanunua, kila mtu yake. Sikukuu ilipofika wakazipanga pamoja ukutani. Dada akanipigia simu, tena kwa upole, akaniomba radhi: "Samahani, nadhani nimeiharibu yangu, niliitundika karibu na dirisha." Jamani, wino wetu mweusi ni masizi. Masizi hayapauki kwa jua. Nilijua, na nikamjibu, "Ndiyo, jua ni baya, ihamishe." Akanishukuru! Baadaye nilimrudishia fedha, lakini kwa kisingizio kingine kabisa, na mpaka leo anaamini kosa ni la dirisha lake.

Angalieni *Misalaba Mitatu* ya Rembrandt, ya mwaka 1653. Bamba lilipochakaa alilikwangua, akalichora upya kwa mistari mizito ya giza, akaingiza hata mpanda farasi ambaye hakuwepo. Ikawa picha nyingine, na yeyote anayeweka chapa mbili hizo pamoja anaona wazi kwamba ni nyingine. Mimi nilikuwa na bamba lililochakaa na kalamu ya risasi ya kuandikia namba.

Basi: tangazeni toleo dogo, au bamba lipakwe tabaka jembamba la chuma kwa umeme kabla ya kuanza. Za majaribio ziandikwe kuwa za majaribio. Namba zifuate mpangilio wa kutoka kwenye presi. Na kumalizia kufuta, tumieni kiganja, kwa wepesi.

5. Karatasi ilowekwe mapema, kisha ikaushwe maji ya juu kabla ya kuwekwa kwenye bamba. Aliyeweka yenye madimbwi Ijumaa, akaacha blanketi zimelowa chini ya rola hadi Jumatatu, nimeshamjua kwa alama ya kidole chake cha wino. Aje azifue mwenyewe.